Maswali na Majibu: Kampuni ya chuma ikisema imepiga hatua, imefika wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimeulizia chuma. Nimechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Kwa msomaji mpya: mimi ni fundi sanifu wa jiolojia, nimestaafu, naishi Rau hapa Moshi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mtambo wa kuchoronga, kupokea mwamba unaotoka ardhini, kuupima na kuuandika.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, Unga Limited, Arusha. Tangu naanza kushika mashine ya kuchomelea nasikia redioni kuwa mradi wa chuma wa Liganga uko mbioni kuanza. Sasa watoto wangu wako sekondari. Nondo na flatibaa zinapanda, na wateja wanadhani nawalangua. Hizi habari zina ukweli? Na mradi ukianza, bei itashuka?
*Fundi, Unga Limited*

Marahaba mwanangu. Chuma kipo. Nalisema hilo kwanza kwa sababu wako watu waliochoka kusubiri hadi wanadai kule Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, hakuna kitu. Mwamba wa Liganga unajulikana tangu enzi za ukoloni. Takwimu ambazo Serikali imezitoa kwa miaka mingi ni tani milioni 126 za chuma kilichothibitishwa, na jirani yake, Mchuchuma, makaa ya mawe tani milioni 428. Mpango wenyewe ni mzuri: makaa yazalishe umeme wa megawati 600, makaa na umeme viyeyushe chuma palepale wilayani, kiwanda kitoe tani milioni moja kwa mwaka.

Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Ikaundwa kampuni ya ubia, Wachina asilimia 80 na NDC asilimia 20, na gharama ikatajwa kuwa dola bilioni 3. Wewe uliposikia redioni kwamba mradi unaanza, ulisikia kweli, kwa sababu karatasi ilishasainiwa. Lakini kilichosainiwa kilikuwa na masharti ya unafuu wa kodi na mambo mengine ambayo Serikali ilirudi kuyaangalia upya. Mwaka 2017 zikapitishwa sheria za kulinda utajiri wa asili, zikaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia, na mamlaka ya kupitia upya mikataba yenye masharti mabaya. Mazungumzo yakawa marefu. Mwaka 2023 ndipo Serikali ilipolipa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa wananchi zaidi ya 1,100 waliotakiwa kupisha miradi hii miwili. Hesabu mwenyewe kutoka 2011 hadi 2023: miaka 12 kufikia fidia tu, kabla ya koleo la kwanza la mjenzi.

Kuna jambo jingine ambalo redio hailisemi, nami naliona ni kubwa kuliko siasa zote. Chuma cha Liganga hakiko peke yake. Kimeshikana na metali nyingine mbili, titani na vanadi. Vanadi ni mali, kidogo tu kinakipa chuma cha pua na nondo nguvu zaidi, na titani nayo ina soko lake. Tatizo linakuja tanuruni. Titani ikizidi kwenye tanuru la kawaida, takataka inayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka inakuwa nzito, inaganda, haitiririki, na tanuru linaziba. Kwa hiyo huwezi kununua tanuru lolote ukalipeleka Ludewa. Ni nchi chache zilizoliweza jambo hili kwa ukubwa wa kiwanda, zikiwemo China kule Panzhihua, ambako ni jimbo hilohilo la Sichuan, New Zealand wanaoyeyusha mchanga mweusi wa pwani, na Afrika Kusini, ambako kiwanda cha Highveld kilifanya kazi hiyo miaka mingi hadi kilipofilisika katikati ya miaka ya 2010. Ukiona habari ya Liganga inayotaja tani na dola bila kutaja itayeyushwaje, jua sehemu ngumu imeachwa nje.

Kuhusu bei nitakuwa mkweli kwako ingawa jibu halifurahishi. Nondo unazonunua leo nyingi zinatoka kwenye vyuma chakavu vinavyoyeyushwa hapa nchini, au kwenye chuma ghafi kinachoagizwa nje kikaja kuvutwa kuwa nondo. Bei yake inafuata soko la dunia, thamani ya dola na nauli. Kiwanda cha Ludewa kitaondoa nauli ya meli, lakini mwenye kiwanda hatauza kwa bei ya huruma. Atauza chini kidogo ya bei ya mzigo wa nje, mpaka atokee mshindani. Faida yako itakuwa kwingine: chuma kupatikana wakati wote, na viwanda vya kutengeneza vitu kuzaliwa karibu. Hapa kwetu Kilimanjaro NDC hiyohiyo inamiliki Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kiwanda cha mashine na vipuri. Mimi natamani nione chuma cha Ludewa kikimiminwa kwenye kalibu za Hai nikiwa bado na macho. Wateja wako waambie bei ya wiki hii, waonyeshe risiti ya duka, na usiwaahidi Liganga.

Shikamoo meku. Ni mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Majengo, Moshi. Kijana wa mwenzetu mmoja ametuletea habari kwenye simu ya kampuni ya nje yenye mradi wa chuma Afrika Magharibi. Imeandikwa ina tani milioni mia saba, upembuzi unaendelea vizuri, na hisa bado ni rahisi. Anasema tumpe shilingi milioni sita za mfuko atununulie kwa akaunti yake, na ndani ya mwaka zitakuwa mara tatu. Wengine wameshakubali. Mimi moyo unasita.
*Mhazini, Majengo*

Marahaba mama. Hiyo milioni sita ibaki ilipo. Chukua gazeti hili ulisome kwenye mkutano wenu, wote wasikie, hata waliokubali.

Simtuhumu kijana. Inawezekana tani hizo zipo kweli. Lakini katika chuma, tani ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupatikana. Mtu akipata dhahabu kilo moja anaitia kwenye mkoba na kupanda basi kwenda kuiuza. Chuma thamani yake ni wingi, na wingi unataka reli, bandari na umeme. Ndiyo maana kuna milima ya chuma Afrika ambayo imejulikana kwa miaka mingi na haijatoa hata toroli moja la kuuza.

Ngoja nikueleze ninachokijua kwa mikono yangu. Kampuni ikishapata leseni ya utafutaji, inaanza kwa watu wenye nyundo, au kwa ndege yenye kipima sumaku, kwa sababu kuna aina ya chuma, magnetaiti, ambayo huvuta sumaku hata ikiwa chini ya udongo. Kisha unaletwa mtambo wa kuchoronga. Shimo la kwanza linakuambia kama kipo. Mengine yanakuambia kinaelekea wapi na kina unene gani. Mimi nilikuwa napokea mwamba huo ukiwa bado unachuruzika maji, naupanga kwenye masanduku kwa kufuata kina, napitisha sumaku, naandika mita baada ya mita. Nusu ya mwamba inakatwa kwa msumeno na kwenda maabara, nusu inabaki sandukuni ili mtu mwingine akija aweze kuhakiki. Ni kazi ya jua na vumbi, na ukiikosea, kila kinachojengwa juu yake kimekosewa.

Mashimo yakiwa mbalimbali, mtaalamu anaruhusiwa kusema tu kuwa tani fulani zinakisiwa. Yakichorongwa mengine katikati, kadirio linapanda daraja, na yakisongamana zaidi linapanda tena. Kanuni za Australia zinazoitwa JORC, ambazo kampuni nyingi za utafutaji hutumia, zina madaraja matatu ya namna hiyo. Baada ya hayo kuna hesabu nyingine kabisa, ya sehemu gani ya mwamba inaweza kuchimbwa kwa faida ukishatoa gharama ya kuchimba, kusaga, kusafirisha, kodi na kurekebisha mazingira. Tani milioni mia saba zinazokisiwa zinaweza kuporomoka sana zikipita kwenye hesabu hiyo. Muulize kijana tani zake ziko daraja gani. Asipojua, hajui anachowauzia.

Muulize pia ni asilimia ngapi. Bei ya chuma inayotangazwa duniani ni ya mzigo wenye chuma asilimia 61 au 62 ukiwa umefika bandari za China. Ukiwa chini ya hapo unakatwa, ukiwa juu unaongezewa. Iko miradi ambayo mwamba wake una asilimia 30 hivi. Huo hauuziki kama ulivyo. Unasagwa mpaka uwe unga, unapitishwa kwenye sumaku, na kusaga huko kunakula umeme usio na mfano. Halafu kuna uchafu: fosforasi ikizidi chuma kinakatika kwenye baridi, salfa ikizidi kinapasuka kikiwa bado moto. Mnunuzi anayapima yote hayo kabla ya kulipa. Kwenye habari ya simu haya huwa hayapo, au yamewekwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Kwa kuwa umetaja Afrika Magharibi, nikupe mfano wa huko. Simandou, kusini mashariki mwa Guinea, ina chuma cha zaidi ya asilimia 65, miongoni mwa vilivyo bora duniani. Rio Tinto, kampuni kubwa mno, ilipata leseni ya utafutaji mwaka 1997. Mwaka 2008 Serikali ya Guinea ikainyang'anya nusu ya kaskazini ikaipa kampuni nyingine, BSGR. Mwaka 2014 hiyo nayo ikanyang'anywa, baada ya uchunguzi kuhusu rushwa. Zikafuata kesi. Mwaka 2019 nusu hiyo ikaenda kwa muungano mwingine wenye Wachina ndani yake. Mwishowe pande zote zikakubaliana kujenga kwa pamoja reli ya zaidi ya kilomita 600 hadi bandari mpya ya Morebaya, umbali unaokaribiana na barabara ya kutoka Arusha hadi Dar es Salaam. Uzinduzi ulifanyika Novemba 2025. Ni miaka 28 tangu leseni, kwa mwamba bora na kampuni zenye mabilioni ya dola. Mwamba haukuwa na kosa lolote miaka yote hiyo.

Labda kijana atasema mradi wake hauhitaji reli, watatumia malori. Pigeni hesabu pamoja naye. Tani milioni moja kwa mwaka, lori moja tani 30, ni safari zaidi ya 33,000. Hiyo ni malori 91 kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo, na yote yarudi tupu. Na katika biashara ya chuma tani milioni moja ni mradi mdogo. Simandou umejengwa kufikia tani milioni 120 kwa mwaka.

Sasa hili la hisa kuwa rahisi. Kampuni ndogo ya utafutaji haina mgodi mwingine wa kuiingizia fedha. Wachorongaji, maabara na washauri inawalipa kwa kuuza hisa mpya. Tuseme leo mna hisa moja katika kila hisa elfu za kampuni. Mwakani inauza hisa nyingine nyingi kama zile za mwanzo, mnabaki na moja katika elfu mbili. Mwaka unaofuata inauza tena. Hakuna aliyewaibia, ndivyo kampuni za namna hiyo zinavyoishi, na wawekezaji wenye fedha za kupoteza wanalijua hilo wanapoingia. Fedha zenu si za kupoteza. Ni ada za shule na mitaji ya ndizi na mitumba.

Umeniuliza, kwa maneno mengine, hatua ni kitu gani. Mimi nikisoma kwamba kampuni ya chuma imepiga hatua, natafuta mahali ambapo mtu ametoa fedha ambazo hawezi kurudishiwa. Wananchi wameshalipwa fidia? Mabenki yamesaini mikopo ya ujenzi? Mkandarasi wa reli ameshaingia eneo la kazi? Kuna mnunuzi aliyejifunga kwa mkataba kuchukua mzigo kwa miaka kadhaa? Hizo ndizo hatua. Hati za maelewano, ziara za mawaziri, picha za watu wamevaa kofia ngumu wakishikana mikono, zote zinaweza kuwa za nia njema kabisa, lakini hazimfungi mtu. Kuna miradi iliyokusanya hati za maelewano na wawekezaji wanne, mmoja baada ya mwingine, na majani yakaota juu ya mashimo yaliyochorongwa.

Na hata kama kampuni ingekuwa nzuri, njia anayowapendekezea si salama. Hisa zikinunuliwa kwa akaunti ya mtu mmoja, mbele ya sheria ni zake. Akipata ajali, akigombana na mama yake, akihama mji, mtadai kwa karatasi gani? Hapa nchini anayeruhusiwa kununulia wengine hisa ni dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na hisa huandikwa jina la mwenye fedha, ikiwemo kikundi kilichosajiliwa. Kama wanachama wana hamu ya hisa, wapo madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam watakaowaeleza bila kuwaharakisha. Anayewaambia mwisho ni Ijumaa, mwacheni aende na Ijumaa yake.

Moyo wako unaposita mama, usiuzime. Kikundi kimekupa uhazini kwa ajili hiyo.

Shikamoo mzee. Nimemaliza stashahada ya jiolojia, nipo Sakina, Arusha. Nijiandae vipi nipate ajira Liganga itakapoanza?
*Mhitimu, Sakina*

Marahaba. Usijiandae kwa Liganga peke yake. Tafuta kazi yoyote penye mtambo wa kuchoronga, hata kama ni wa visima vya maji, na visima vinachorongwa Arusha na Manyara kila mwezi. Jifunze kuandika taarifa ya shimo ambayo mtu asiyekujua ataielewa miaka kumi baadaye. Jifunze ramani za kompyuta. Pata leseni ya udereva. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinakupa kipaumbele, lakini msimamizi wa kambi atakachokiangalia ni kama uliwahi kulala porini ukaamka na daftari lako kavu.

Shikamoo mzee mwenzangu, au tusalimiane tu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mwanga. Ukoo wetu ni wa Washana, wahunzi wa Ugweno. Babu alituonyesha mahali walipokuwa wakikusanya mchanga mweusi mtoni kwa ajili ya kuyeyusha. Mchanga bado upo. Wajukuu zangu wanataka tuombe leseni tuchimbe chuma. Wanaona mbali, au wanaota?
*Mwalimu, Mwanga*

Tusalimiane tu, mwalimu, na nakusalimu kwa heshima ya ukoo wako. Barua yako niliisoma mara nyingi. Kabla ya meli yoyote kuleta chuma chakavu Tanga, Ugweno ilikuwa inayeyusha. Mchanga ule mweusi wa mtoni ni magnetaiti iliyooshwa na mvua kutoka kwenye miamba ya Upare, maji yakachukua chepesi yakaacha kizito. Wahunzi wenu waliusafisha zaidi, wakauchanganya na mkaa tanuruni, wakavuta mivukuto saa nyingi mpaka donge la chuma likajikusanya chini. Wachaga wa mlimani, ambao ardhi yao ni ya volkano na hawakuwa na madini hayo, walinunua chuma Upare kwa ajili ya majembe na mikuki, na Wamasai vilevile. Sisi wa huku tumelima migomba kwa chuma chenu.

Kwa mhunzi, kikapu cha mchanga kilikuwa mali, kwa sababu kutoka humo alitoa jembe, na jembe lilinunua mbuzi. Kwa kampuni, mto mzima wa mchanga huo haufiki hata mwezi mmoja wa uzalishaji. Kwa hiyo mgodi wa kuuza China hapana, na mtu akija kuwaambia anataka kuingia ubia nanyi kwa jambo hilo, mwambieni alete kwanza taarifa ya mashimo aliyochoronga.

Lakini wajukuu hawaoti moja kwa moja. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania tu, inaombwa Tume ya Madini, na ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Kilimanjaro ipo hapa Moshi. Kabla ya kulipia chochote, pelekeni sampuli Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma, mjue asilimia. Chukueni sampuli sehemu mbalimbali, si pale panapong'aa tu. Halafu tafuteni mnunuzi kabla ya kuchimba: viwanda vya saruji huongeza kiasi kidogo cha madini ya chuma kwenye mchanganyiko wao, na hao ndio wateja wa kweli wa mchimbaji mdogo wa chuma. Nauli ya lori ndiyo itakayoamua. Mkiona nauli inazidi bei ya mzigo, acheni. Na kwa kuwa ni mtoni, sheria za mazingira zinalinda mita 60 za kingo. Msianze bila kuuliza NEMC, wasimamizi wa mazingira, na ofisi ya bonde la maji.

Ombi langu binafsi, mwalimu: ule ufahamu wa babu uandike. Tanuru lilikuwa refu kiasi gani, mkaa wa mti gani, nani aliruhusiwa kukaribia. Chukua mjukuu mwenye simu nzuri, mwende mpaka pale mtoni, mrekodi. Nitafurahi kuchapisha kurasa mbili za maneno yako humu.

Shikamoo baba. Niko Machame, lakini binti yangu ameolewa Ludewa, kijiji cha karibu na Liganga. Wana shamba la miti ya mbao na nyumba. Wanaambiwa eneo litaingia kwenye mradi wa chuma, wathamini watapita. Jirani yao anasema wasipande tena wala kukarabati nyumba, wengine wanasema wajaze miti haraka ili fidia iongezeke. Nimshauri nini?
*Mama, Machame*

Marahaba dada. Kwanza wajue kwa uhakika kama wamo. Maneno ya jirani hayana mipaka. Waende ofisi ya kijiji waombe kuona ramani ya eneo la leseni, na kama haipo, waende halmashauri Ludewa. Leseni yenyewe ina kona zake na vipimo, na zimeandikishwa Tume ya Madini. Mtu anaweza kuwa nje kwa mita hamsini na bado akaishi kwa wasiwasi miaka kumi.

Kama wamo, na wathamini hawajapita, waendelee na maisha. Nyumba ikivuja waezeke upya, wapande, wavune. Familia nyingi kule kusini zilisimamisha kila kitu kwa kusubiri mradi, na hasara ya miaka hiyo hakuna fomu inayoilipa. Kupanda miche chapuchapu ili kudanganya hesabu, hapana. Mthamini anaona umri wa mti, na mche wa mwezi mmoja hauthaminiwi kama mti wa miaka kumi. Zaidi ya hapo, udanganyifu wa wachache ndio huchelewesha malipo ya kijiji kizima, kwa sababu uthamini unarudishwa kuhakikiwa.

Siku wathamini watakapofika, binti na mumewe wote wawe nyumbani. Nalisisitiza hili kwa sababu fomu huandikwa jina la aliyepo, na fedha huja kwa jina hilo. Wahesabu miti pamoja nao, safu kwa safu. Wapige picha za nyumba ndani na nje, kisima, choo, banda, makaburi kama yapo. Fomu ikijazwa wasome kila mstari kabla ya kutia saini, na wasitie saini kwenye nafasi tupu. Waombe nakala palepale. Ikishindikana, waipige picha kwa simu.

Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, inaanza kudaiwa na riba, na ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini unatakiwa kufanywa upya. Tarehe ya kuidhinishwa ndiyo muhimu, waiulize na kuiandika. Wasikubali kuhama kabla fedha hazijaingia benki, kwenye akaunti yenye majina yao wote wawili.

Ukimpigia jioni hii, mwambie aanze na hati ya shamba. Kama bado wana makubaliano ya mdomo na ukoo wa mumewe, hilo ndilo la kushughulikia kabla ya mthamini yeyote kuonekana: wakae na wazee, mipaka itembelewe, muhtasari uandikwe na upigwe muhuri wa kijiji.